Mkono Uliochoka Haushiki Bomba

Wiki iliyopita niliwakuta hapo Kakuma mkifungua pampu ya mkono, na nimerudi Lodwar na hasira ambayo mpaka leo haijaisha. Sikusema yote palepale kwa sababu palikuwa na watu, na kijana hafokewi mbele ya mama zake wanaongoja maji. Sasa nayasema. Kaeni chini msome, na hizo simu mziweke mbali.

Niliona nini? Mlikuwa mmelinyanyua bomba la chuma, limejaa maji, nusu liko ndani ya kisima nusu liko nje, mmelikamata kwa spana kila mtu upande wake. Mara simu ikalia mfukoni mwa mmoja wenu. Nilidhani kuna mtu amefiwa. Kumbe ni kengele ya kupumzika! Espoir, kijana wetu wa kutoka Kongo, akanieleza kwa heshima zote, kwa Kiswahili cha kwao ambako kutumika ni kufanya kazi.

"Mama, ile ni telefone ya kazi. Ikilia tunapumuzika kidogo, ikilia tena tunaanza. Tuko natumika vile."

Na Ekai, mtoto wa hapa hapa, akaachia spana kwa mkono mmoja ili aizime. Bomba likayumba. Nikapiga kelele mpaka mbuzi wakatawanyika, nanyi mkacheka.

"Mathe, tulia," Ekai akaniambia. "Hiyo ni system. Tulifunzwa kwa semina."

Semina! Nilitaka kumeza ulimi. Na mlipopumzika, je, mlipumzika? Mlikaa kwenye jua, shingo zimeinama, macho kwenye simu, mmoja anatazama mpira, mwingine anabishana na mtu aliye Nairobi. Simu ilipolia tena mkainuka mmechoka kuliko mlivyokaa. Espoir alikuwa anapepesa macho kama aliyetoka kwenye moshi. Mkono uliokuwa ukishika spana ndio huohuo ulioshika simu, sasa hapo umepumzisha nini?

Mimi nimefungua na kufunga pampu kuanzia Katilu kwenye mashamba ya Turkwel mpaka Kataboi karibu na ziwa. Nimeanza meno yangu yakiwa yote kinywani. Kwa hiyo mtanivumilia nikisema kwamba kupumzika ni sehemu ya kazi ya pampu, na kuna namna yake, na aliyenifundisha namna hiyo alinyang'anywa kazi na jina lake kwa sababu ya watu waliodhani kupumzika ni uvivu.

Alikuwa anaitwa Mzee Lomuria. Sisi wadogo tulimwita Apa, yaani baba. Alikuwa mrefu, mkavu, mguu mmoja umepinda kidogo, na alikuwa fundi mkuu wa kikosi chetu cha pampu katika shirika moja lililokuwa na ofisi hapa Lodwar. Ndiye aliyedai wanawake tuchukuliwe kwenye kikosi. Wanaume wenzake walipomcheka aliwajibu, "Anayeteka maji kila siku ndiye anayeijua pampu ikianza kuugua. Nyinyi mnaijua ikishakufa." Hivyo ndivyo nilivyoingia.

Siku yangu ya kwanza nilitaka kuwaonyesha wanaume. Wao wakienda kivulini, mimi nabaki kisimani nakaza nati na kufuta spana. Mzee aliniangalia tu. Alipomimina chai akanijazia kikombe mpaka ukingoni, akaniambia nikishike kwa mkono mmoja, mkono ulionyooka mbele. Chai ikaanza kuruka. Ikanichoma vidole, ikamwagika kwenye mchanga, wanaume wakaangua kicheko.

"Chai imekushinda," Mzee akasema. "Na wewe unataka kushika bomba ambalo chini yake kuna mabomba mengine yote?"

Niliona haya na nikakasirika, lakini nilielewa. Mkono uliochoka haukuambii kwamba umechoka. Wewe mwenyewe unajiona una nguvu, kumbe vidole vinatetemeka ndani kwa ndani. Kwa hiyo msiungoje uchovu uwape taarifa. Mzee alikuwa na maneno yake aliyoyasema karibu kila siku: "Pumzika kabla hujachoka. Ukishachoka umechelewa." Mshike hayo, kwa maana nitayarudia mbele na mtaona ni nani aliyeyaiba.

Sisi hatukuwa na simu ya kutuambia saa. Tulikuwa na dume la Mzee. Ninyi mliozaliwa mjini huenda hamjui, na Espoir hawezi kujua, kwa hiyo naeleza. Mwanaume wa Kiturkana wa zamani ana dume moja la ng'ombe analolipenda kuliko wote kwenye boma, na ana wimbo wa kulisifu dume hilo. La Mzee lilikuwa jeusi lenye doa jeupe ubavuni, pembe zimepindwa kuelekea mbele. Tulipokuwa tunavuta mabomba yeye aliimba na sisi tuliitikia, na mwitikio ndio uliotuunganisha mikono, tukavuta pamoja. Wimbo ulikuwa na mwisho wake. Ulipofika mwisho, bomba lililokuwa mikononi lilimaliziwa, kibano kikafungwa, spana zikalazwa juu ya shuka mbali na kisima, sote tukaondoka.

Kibano mnakijua: ni kile chuma kinachokaa mdomoni mwa kisima na kulibana bomba lisirudi chini wakati mnaachia. Yote mliyokwisha kunyanyua na yote yaliyobaki chini yanakitegemea. Mtu wa kibano alikuwa Mzee, na wimbo ukiisha alinipa mimi, ukiisha tena nampa mwingine. Hakuna aliyekaa kwenye kibano nyimbo mbili mfululizo. Mtaniuliza kwa nini, na kibano si kizito? Kwa sababu macho na kidole vinachoka mapema kuliko bega. Anayevuta anajua amechoka, wa kibano anadhani amekaa tu.

Na kupumzika kulikuwa na utaratibu wake. Unanawa mikono mpaka kwenye kiwiko. Unakunywa maji hata kama huna kiu. Unakaa kivulini umegeuzia kisima mgongo, unatazama mbali, vilima au ngamia wa watu, na ni marufuku kuzungumzia pampu. Tulizungumzia nini? Umbea, bila shaka. Nani ameoa, nani amekimbiwa na mke. Tulirudi kazini jasho la mgongoni likishakauka na kuacha chumvi kwenye shati. Kwenye jua la hapa halikawii, na siku za upepo lilikauka upesi zaidi, na siku ambazo mtu alikuwa mgonjwa halikukauka, tukajua huyo leo asikaribie kisima. Hiyo ndiyo saa yetu. Nionyesheni simu inayojua shati lako limekauka.

Sasa sikilizeni yaliyotokea, maana hapa ndipo hasira yangu inapokaa.

Palikuwa na kisima kwenye kijiji kimoja njia ya kwenda Lokitaung. Kilikuwa kisima cha watu wa Mzee mwenyewe, boma la baba yake lilikuwa pale. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na pampu ilikuwa imeacha kutoa maji. Sisi tulikuwa tumetoka kutengeneza pampu nyingine, na nyingine kabla yake, bila hata siku moja ya kulala nyumbani. Mzee alikuwa ameomba ofisini tupumzike kwanza. Walimjibu kwamba wageni wanakuja kuona miradi, na kisima hicho kimo kwenye ratiba.

Tuliondoka na msimamizi wetu, Ewoi, kijana wa hapa Lodwar aliyekuwa ametoka chuoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka, na mwenye kamera shingoni.

Tulipofika, kijiji kizima kilikuwa kisimani. Nilisalimia "Ejok, ejok" mpaka mdomo ukakauka. Mbele yao alikuwa Arupe, dada yake Mzee, mwanamke mrefu mwenye sauti ambayo ukiisikia unainuka ulipo. Alipomwona kaka yake na spana mabegani alipiga kigelegele. Ndugu yao ndiye aliyekuja kuwarudishia maji, na hiyo ni heshima kubwa, msiidharau.

Tukaanza kuvuta. Mzee akawa kwenye kibano, akaanza wimbo wa dume lake. Tukaitikia. Kazi ikaenda vizuri kabisa. Wimbo ukafika mwisho, nikanyoosha mkono kupokea kibano kama kawaida.

Arupe akaudaka wimbo. Akaanza upya kulisifu dume la kaka yake, akaongeza mistari yake mwenyewe, na wanawake wote wakaingia, na wazee wakaingia, wakapiga makofi, wakaruka. Walikuwa wanamheshimu. Na mtu wetu haachi kazi wala hageuzi mgongo wakati watu wa kwao wanaliimba dume lake. Angefanya hivyo angekuwa amewatukana wote, na dume pia. Mzee alinitazama. Najua alijua. Akainamisha kichwa, akaendelea kushika kibano, nasi tukaendelea kuvuta, na wimbo haukuisha. Kila ulipokaribia mwisho Arupe aliupandisha tena.

Sijui tuliimba nyimbo ngapi ndani ya wimbo ule mmoja. Najua shati langu lilikuwa limeloa na mkono wangu wa kushoto ulikuwa hausikii spana. Bomba lilinyanyuka, tukangoja kibano kifungwe, tukaachia tukidhani kimefungwa. Kidole cha Mzee kilichelewa. Mabomba yote yaliyokuwa yamebaki yalitupita mikononi, yakashuka kisimani kwa mshindo, na wimbo ukakatika.

Watu wengi mpaka leo wanadhani hadithi iliishia hapo. Haikuishia hapo, na hili nitalisema mpaka nife. Mabomba yaliyoanguka yanavuliwa! Kuna ndoano ya chuma, inateremshwa kwa waya, unalitafuta bomba taratibu kama unayepapasa sindano gizani, unalinasa, unalivuta. Mzee alikuwa ameyavua mabomba ya namna hiyo sehemu nyingi. Ni kazi inayotaka vidole vilivyopata usingizi wa usiku.

Akaenda kwa Ewoi. Nilikuwa nimesimama karibu, nilisikia kila neno.

"Tulale, kijana wangu. Asubuhi tutayatoa."

"Apa, haiwezekani. Kesho mapema wageni wako hapa. Nataka picha ya maji yakitoka."

"Mikono yetu imekwisha."

"Imekwisha aje na nyinyi ndio mmekuwa mkiimba tu hapa? Leo leo. Shikeni waya."

Mzee akamwomba tena. Akamwonyesha vidole vyake. Ewoi akatazama saa.

Tukashika waya. Ndoano iliyapata mabomba, hilo nakiri, ilinasa vizuri. Lakini tulipovuta, mmoja alitangulia, mwingine akachelewa, hatukuwa na wimbo wa kutuunganisha kwa sababu Ewoi alikuwa ameukataza. Waya ukashtuka, ukakatika. Ndoano na waya vikabaki kule chini, vimejikunja juu ya mabomba. Baada ya hapo hakuna chombo kilichoweza kupita. Mafundi wengine walikuja baadaye wakajaribu, wakaondoka. Kisima kile kilikufa kikiwa na maji ndani yake.

Ofisi ikasema nini? Ikasema, kwa kufuata ripoti ya Ewoi, fundi mkuu alikuwa mzembe, aliimba akasahau kazi. Wakamfukuza. Halafu, na hapa ndipo ninapotaka kurusha kitu, wakatuletea amri: hakuna kuimba kazini, na hakuna kukaa kivulini mpaka pampu iishe! Yaani kikosi kimeharibikiwa kwa kukosa kupumzika, na dawa yao ni kuondoa hata mapumziko yaliyobaki. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nilifanya kazi chini ya amri hiyo, na nikaona wenzangu wakipondwa vidole, na kila aliyeumia aliambiwa hakuwa makini.

Na Mzee? Nina hasira naye pia, Mungu amrehemu. Hakusema. Hakuwaambia watu wake kwamba aliomba kulala akakataliwa. Nilimwuliza, akanijibu, "Nikiwaambia kwamba nilichoka, nitakuwa nawaambia wimbo wao ndio ulioniua mkono." Basi akanyamaza, akabeba yote. Nilimwambia huo ni ujinga. Alicheka kidogo, akabadilisha mazungumzo.

Watu wake wakarudi kuchimba mchanga wa mto mkavu, mbali, kutafuta maji ya kuchota kwa kikombe. Arupe alikuwa mmoja wao. Baadaye kijana wake Arupe alioa, na mimi nilialikwa. Wanaume waliingia uwanjani mmoja mmoja kuimba madume yao, na watu waliwaitikia. Mzee akaingia, akaanza wimbo wake. Arupe akashusha mikono. Wanawake wakamtazama Arupe, nao wakashusha ya kwao. Mzee akaimba peke yake, akafika mwisho peke yake, akatoka uwanjani na mguu wake ule uliopinda. Nililia pale, sijifichi. Hakuimba tena mpaka tulipomzika.

Miaka imepita, nimestaafu. Sasa nawaeleza kuhusu hiyo semina yenu, maana nami nilialikwa, hapa Lodwar, kwenye ukumbi wa hoteli, kama mkongwe wa kazi yetu. Mlikuwa mmekaa nyuma, hamkuniona nilivyobadilika rangi. Mkufunzi alisimama mbele na picha zake ukutani. Mvi zimemjaa, tumbo limekuja, lakini nilimjua kabla hajafungua mdomo. Ewoi. Akawaambia: fanyeni kazi kwa muda mfupi, akili yote iwe hapo, kisha mpumzike, kisha mrudi. Mkapiga makofi. Kisha akasema, kwa Kiswahili safi, "Pumzika kabla hujachoka. Ukishachoka umechelewa."

Nilisimama. Kiti kilianguka nyuma yangu.

"Hayo maneno ni ya nani?"

Watu wakageuka. Ewoi akasema twende chai kwanza, akanifuata nje mpaka pale mahali pa kunawia mikono.

"Ni ya Mzee Lomuria," akasema.

"Mbona hukumtaja?"

"Mama Nakiru, nilikuwa kijana. Niliambiwa nikirudi bila picha nisirudi kabisa. Tangu siku ile kila ninapofundisha nafundisha alichoniambia yeye. Kila semina."

"Unafundisha hapa kwenye viyoyozi. Na ile ripoti uliyoandika?"

"Mzee alishakufa, Mama."

"Watu wake wako."

Alishika kikombe cha chai bila kuinywa. Nilifikiri atanitoroka. Sitamnyima haki yake: asubuhi alikuja na gari mlangoni kwangu, peke yake, hajanyoa, akasema, "Twende."

Tulimkuta Arupe kijijini kwao, ameegemea ukuta wa kanisa, macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Siku hizi kuna tangi na pampu ya sola upande wa pili wa kijiji, kaunti iliwachimbia, kwa hiyo maji wanayo. Ewoi alipiga magoti mchangani ili asimsemeshe mama wa watu akiwa juu yake. Akamwambia yote kwa Kiturkana. Kwamba kaka yake aliomba kulala, akaomba tena, akaonyesha vidole. Kwamba yeye ndiye aliyekataa, na yeye ndiye aliyeandika kwamba kosa lilikuwa la Mzee.

Arupe alisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja amtukane, na kusema kweli nilitaka amtukane, nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo. Hakumgeukia hata kidogo. Alinitafuta mimi kwa mkono, akanishika kifundo cha mkono.

"Kwa hiyo alikuwa amechoka tangu tulipokuwa tunaimba," akasema.

Niliketi mchangani kando yake.

"Na wewe ulikuwa karibu yake. Alikuwa amechoka?"

"Ndiyo, mama."

Akauachia mkono wangu, akaipangusa sketi yake mavumbi ambayo hayakuwepo.

"Mimi niliimba ili asichoke," akasema. "Nilidhani namsaidia."

Tulikaa naye pale ukutani mpaka jua likapungua, na hakuna kati yetu aliyeweza kumwambia kwamba si wimbo wake uliomchosha.